Fundi Aliyeona Goli la Ukungu

Fundi hakuwa na neno "nadhani". Sanduku lake lilikuwa na msharasi wa kutobolea ngozi, nta, uzi, kopo la solusheni na vipande vya ngozi vya kila rangi, lakini neno hilo halikuwemo. Yeye alisema "niliona". Ukimbishia, alisema "niliona" kwa sauti kubwa zaidi, na ukiendelea kumbishia alisimama, akajipangusa vumbi la ngozi magotini, akakuonyesha kwa mikono pale alipokuwa amekaa yeye, alipokuwa amesimama mlinzi, na mpira ulikopita. Mpaka amalize, na wewe unaanza kuamini kwamba ulikuwepo.

Alikuwa na kibaraza chake Makambako, mbele ya duka la vitambaa linalotazama stendi. Alishona viatu na mipira. "Viatu vinanilisha," alizoea kusema, "mipira ndiyo inayonitoa kitandani." Mimi nilimfahamu kwa sababu ya mpira. Kwetu ni Njombe, Mjimwema, ila nilikuwa nasoma Makambako na kukaa kwa shangazi, na shuleni nilikuwa kwenye timu ya mpira wa pete. Kila mpira wetu ulipotoboka, wenzangu walinitwika mimi niupeleke kwa Fundi, kwa kuwa mimi sikuwa najua kukataa. Nilikuwa siongei. Shangazi alifikiri naumwa. Mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti kwamba nina adabu, nami nilijua si adabu, ni woga.

Pale kibarazani hukuhitaji kuongea. Walikuwepo waliokuongelea.

Wa kwanza alikuwa Utingo, kijana Mkinga wa Ipelele aliyefanya kazi kwenye lori la mbao. Lori likishusha mzigo, yeye yuko kwa Fundi. Wa pili alikuwa Mwenye Duka, mzee wa Kiislamu mpole, kofia nyeupe, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kutoka na kuwaomba wasipige kelele, kisha akasahau kurudi ndani. Na wengine wa kupita tu. Wagonjwa waliokuwa wakingoja gari la kwenda hospitali Ikonda walikaribishwa kwenye benchi kwa heshima zote, wakapewa maji, kisha wakaulizwa wako upande gani. Kuna baba mmoja aliletwa ameshikwa makwapa mawili na wanawe. Gari lilipofika alikuwa amesimama mwenyewe, anamnyooshea Utingo kidole.

Ubishi wenyewe ulikuwa huu. Kila mwaka, mwezi wa saba, chuo cha Njombe na chuo cha Makambako vilikutana kwenye fainali ya mpira wa pete. Utingo alihesabu kwamba Makambako wamechukua kombe mara sita na Njombe mara tano. Fundi alihesabu Njombe sita, Makambako tano. Walikuwa hawatofautiani kwenye hesabu. Walitofautiana juu ya mwaka mmoja, na ndani ya mwaka huo juu ya mpira mmoja.

Mwaka huo fainali ilichezwa Njombe, na ukungu uliingia. Asiyeufahamu ukungu wa Njombe wa mwezi wa saba asije akadhani ni moshimoshi wa kupendeza. Unaweza kunyoosha mkono ukakosa kuhesabu vidole. Matokeo yalikuwa ishirini na sita kwa ishirini na sita, mfungaji wa Njombe akarusha mpira wa mwisho, filimbi ikalia, na refa akasema hakuona goli. Wakaongeza muda, Makambako wakashinda kwa bao moja. Basi.

Kwa Fundi haikuwa basi. Yeye siku zote alipewa nafasi ya kukaa na stuli yake chini ya mlingoti wa goli, na mpira wa akiba magotini, kwa sababu mipira mingi huumia pale. "Nilikuwa pale," alisema. "Refa yuko katikati kama mtu aliyepotea porini. Mimi niko chini ya chuma. Uliingia. Niliona."

"Uliona nini, Fundi? Hata pua yako hukuiona!"

"Pua yangu siiangaliagi. Naangalia goli."

"Mashahidi?"

"Shahidi mmoja mwenye akili anatosha."

"Huyo mwenye akili ni nani? Mbona hatumjui?"

Hapo Mwenye Duka alitoka. "Jamani, jamani. Nina wateja." Kisha: "Lakini mlinzi wa Makambako siku ile si alikuwa yule mrefu?" Naye akakaa.

Watu wengi walijiuliza kwa nini Fundi anaishangilia Njombe. Makambako alikaa miaka na miaka, nyumba yake iko Makambako, na asili yake ni huko mikoa ya joto ambako hata neno ukungu hawalitumii mara kwa mara. Baridi ilimtesa. Alivaa soksi mbili mbili na kunung'unika. Njombe, ambako baridi ni mara mbili, alikwenda siku ya fainali tu, na pale tu ilipochezwa huko. Nilidhani labda kuna mtu wake kule. Siku moja, wakati Utingo hayupo, nilijikaza nikamuuliza. Ilinichukua dakika nzima kuanza sentensi.

Alishangaa. "Binti, hapa kila mtu ni Makambako. Na mimi nikiwa Makambako, nani atabishana na nani?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yote. Lakini ukisema eti hakuwa anaipenda Njombe kweli, utakosea. Njombe wakifungwa hakula mchana. Alichagua upande kwa ajili ya ubishi, halafu upande ukamshika.

Hoja ya pili pale kibarazani ilikuwa kama mpira wa pete ni mchezo au si mchezo. Mwenye Duka alikuwa mtu wa mpira wa miguu, na redio yake ya mbao ilijua. "Mpira wa pete una mashabiki gani?" aliuliza. "Walimu, wake za walimu, na wewe."

Fundi aliacha kushona. "Mzee wangu, mpira wa miguu unakwenda uwanjani, unanunua chungwa, unalimenya, unalila, unatafuna na ganda, bado sifuri kwa sifuri. Watu wazima ishirini na wawili! Mimi nikimenya chungwa kwenye mpira wa pete, mpaka nimalize wameshafungana sita."

"Wingi wa mabao si utamu."

"Na wingi wa watu je? Kwenye mnada wa ng'ombe watu ni wengi kuliko kanisani, sasa ng'ombe ni mtamu kuliko nini?"

Mwenye Duka alicheka mpaka kofia ikahama.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonifanya mimi niache kuchezea kamba za viatu vyangu na kusikiliza. Ilikuwa hoja ya kuchukuliwa. Mashirika ya Dar es Salaam yalikuwa na timu zao za mpira wa pete, na kila fainali alikuja mtu, tuliyemwita Mchaguzi, kutazama wasichana wa vyuo. Akikupenda aliandika jina lako. Ukiandikwa ulipewa kazi ofisini, ya kupiga chapa au kupanga mafaili, na jioni unacheza. Utingo na Fundi waliwajua wote waliowahi kuchukuliwa. Nani alistahili, nani alibebwa kwa urefu tu, nani alikaa benchi miaka miwili akarudi na viatu vya visigino na hakuongea tena Kibena. Waliwajadili kama watu wengine wanavyojadili wabunge.

"Yule senta wenu alichukuliwa kwa sababu ana sauti," alisema Fundi. "Aliita mpira kama anauza samaki. Mchaguzi akadhani ni kiongozi."

"Na yule mfungaji wenu? Alifunga thelathini Njombe, alipofika joto la Dar akayeyuka kama siagi!"

Lakini katika mwaka wangu wa kidato cha tatu hoja hiyo ilibadilika sauti. Mashirika yalikuwa yanauzwa. Moja baada ya jingine, na timu zikafa nazo, kwa sababu mnunuzi alinunua mashine, hakununua wafungaji. Ikasemekana limebaki shirika moja tu linalochukua.

Nyakati hizo vitu vipya viliingia kila wiki. Ilikuja mipira ya plastiki kutoka ng'ambo, inang'aa, na ikipasuka unaitupa. Fundi aliichukia. Aliibonyeza kwa kidole gumba kama daktari na kusema, "Huyu hana mifupa." Ila ilipoingia mitumba alikuwa wa kwanza kwenye fungu, na hapo ndipo alipopata lile jaketi.

Lilikuwa jekundu, zito, mikono ya rangi ya maziwa. Mgongoni palikuwa na picha ya mtu ameinua rungu, na mpira mdogo mweupe unamjia usoni. Watu waligombana siku tatu juu ya picha hiyo. Utingo alisema ni mtu anaua nyoka. Mwenye Duka alisema ni mchezo, alishawahi kuusikia redioni, watu wa Marekani wanapiga mpira kwa gongo kisha wanakimbia kurudi pale pale walipotoka. "Sasa kwa nini waondoke?" aliuliza Fundi. Kisha akanigeuzia mgongo. "Binti wa sekondari, nisomee maandishi."

Macho yote yakaja kwangu. Nilisoma kimya kimya, nikalimeza, nikalisema kwa sauti ya mtu anayeungama: "Mabingwa wa vyuo."

Fundi aligeuka polepole. Sijawahi kumwona mtu mzima na uso ule. "Rudia."

"Mabingwa wa vyuo."

"Utingo, umesikia? Wazungu wameshajua! Habari imefika Marekani, wameleta na vazi!"

Tangu siku hiyo hakulivua. Alilivaa msikitini, alilivaa juani, alilivaa kwenye msiba. Yeyote aliyeuliza habari ya fainali ya ukungu alionyeshwa mgongo.

Sasa niseme habari ya ringi, maana bila ringi mimi nisingekuwa na la kuandika.

Fundi hakuuachia mpira aliouziba mpaka aujaribu, na hakuujaribu kwa kuudunda. Juu ya nguzo ya kibaraza alikuwa amefunga ringi tupu ya baiskeli. Mpira ulioshonwa vibaya, alisema, unapinda hewani, na jicho halioni ila ringi inajua. Kwa hiyo kila mpira ulirushwa mara kumi kwenye ile ringi kabla ya kurudi kwa mwenyewe. Yeye bega lake lilikuwa bovu, basi mteja mwenyewe ndiye alirusha.

Siku yangu ya kwanza alinipa mpira akasema, "Haya." Benchi zima likanitazama. Nilisimama nimeukumbatia kama mtoto wa jirani niliyeombwa nimshike. Utingo akasema, "Huyu bubu ndiye mfungaji wa shule? Tumekwisha."

Fundi hakunibembeleza. Hakuniambia nisiogope. Aliwatazama wenzake tu akasema, kwa ukali kabisa, "Geukeni."

"Tugeuke wapi?"

"Ukutani! Fundi wa mpira ni nani hapa? Mnauchosha mpira kwa macho. Geukeni!"

Wakageuka. Utingo, Mwenye Duka, mama mmoja aliyekuja na ndala, wote wakautazama ukuta wa duka kama watoto walioadhibiwa. Fundi naye akageuka. Nilirusha. Ukipita katikati, ringi haisemi kitu, unasikia tu mpira unadunda chini ya nguzo. Ukigonga, chuma kinalia. Siku ile chuma kililia mara mbili katika kumi.

"Nane," alisema Utingo, kwa ukuta.

Ikawa desturi. Kila nilipofika Fundi alisema "Geukeni", na walikuwa wameshaanza kugeuka. Akanipa niijaribu mipira ya watu wengine, ya chuo, ya jeshi la polisi, ya kanisa. Utingo alihesabu akiwa amelaza paji la uso ukutani, na hakuwahi kukosea hata moja. Nilipofika kumi kwa kumi kwa mara ya kwanza, aligeuka bila ruhusa. "Bubu, wewe una nini lakini?" Nikakimbia na mpira hata sikuaga.

"Huyu atachukuliwa," nilimsikia Fundi nyuma yangu. Hakusema "nadhani".

Sikuwa nimewahi kuliwaza jambo hilo. Baada ya hapo sikuwaza lingine. Nikimaliza kidato cha nne nilijua kinachoningoja. Matokeo yangu yangekuwa ya katikati, ningerudi Mjimwema kulima viazi na mama. Sikuona aibu ya viazi. Lakini nilitaka mtu aandike jina langu mahali, mara moja, kwa sababu ya kitu ninachokiweza.

Mwaka wangu wa mwisho fainali ya vyuo ilikuwa Njombe tena, na shule yetu ikapewa mechi ya utangulizi dhidi ya sekondari moja ya Njombe. Utingo aliomba lori, tukapanda wote, wanafunzi na mashabiki, tukifunikwa na turubai la kufunikia mbao. Fundi alikaa mbele na dereva kwa sababu ya baridi, amevaa jaketi juu ya sweta juu ya sweta.

Mchaguzi alikuwa mama wa makamo, miwani, daftari la jalada gumu. Alisema wazi kabla ya mechi, mbele ya walimu wote: shirika limeshauzwa, mnunuzi amekubali timu iendelee, lakini nafasi ni moja, iwe ya chuo au ya sekondari, na baada ya mwaka huu hatakuja tena.

Kipindi cha kwanza nilicheza vibaya. Kila nikipata mpira niliona watu: vichwa, mitandio, mikono inayokula viazi vya kuchemsha, wote wananitazama. Nilirudisha mpira kwa wenzangu kama unaniunguza. Halafu ukaja ukungu, kutoka bondeni, kwanza ukala miti, kisha ukala watu. Refa akatuuliza tuendelee au tuache. Nahodha akasema tuendelee.

Naandika ukweli: sijawahi kufurahi hivyo. Hapakuwa na mtu duniani. Palikuwa na chuma juu yangu, kivuli cha mlinzi, na chini ya mlingoti madoadoa mekundu ya jaketi la Fundi. Nilirusha na kurusha. Refa alisogea mpaka karibu, akapuliza kila bao, tukashinda.

Ukungu ulipofunguka Mchaguzi alikuja na daftari. "Nani alikuwa anafunga?"

Wenzangu wakanisukuma mbele. Akatikisa kichwa. "Timu moja mnateteana, nimeshayaona hayo." Akamuuliza refa. Refa akasema, "Mama, mimi nahesabu mabao, sihesabu watu." Akamuuliza mlinzi wa Njombe, aliyekuwa ananipumulia shingoni muda wote. Akasema hakuona kitu, ukungu. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Fundi akainuka na stuli yake mkononi. "Ni huyu. Mabao kumi na tisa ya kipindi cha pili, kumi na sita ni yake. Niliona."

Nyuma yetu watu wa Makambako wakaangua kicheko. Nadhani Utingo hakukusudia ubaya, mdomo wake ulitangulia tu kama kawaida. "Mama, usiandike! Huyu ndiye aliyeona goli la ukungu!"

"Goli gani?" akauliza Mchaguzi. Watu kumi wakamweleza kwa pamoja. Alisikiliza, akafunika kalamu yake. Kile kifuniko kilifanya "tik". "Mzee," alisema, bila dharau, "hilo goli uliliona kweli?"

Uwanja mzima ulikuwa unamtazama, Njombe upande huu, Makambako upande ule. Fundi alifungua mdomo. Nilijua neno litakalotoka, nilishalisikia mara elfu.

"Hapana," alisema. "Lile sikuliona."

Utingo alikuwa na kiazi mkononi, akasahau kukila.

"Ukungu ulikuwa mzito kuliko wa leo. Sikuona goli, sikuona refa, sikuona mkono wangu. Nimesema niliona miaka yote hii, na sikuona. Sasa nimeshalisema, niko mtupu, sina la kutetea. Niulize la huyu. Alikuwa hatua tatu kutoka pua yangu. Bao la nne lilizunguka chuma mara mbili kabla ya kuingia. La tisa alirusha huku kiatu kimemvuka. Mtazame soksi."

Mchaguzi akanitazama soksi. Ya kushoto ilikuwa tope tupu.

Alifungua kalamu tena. "Mpeni mpira. Arushe kumi."

Hapo ndipo jua nalo lilipoamua kutoka. Watu wote walisogea kuzunguka goli. Nilirusha wa kwanza, ukapita pembeni, haukugusa hata chuma. Wa pili ukagonga kwa kishindo. Niliuokota mpira nikaufuta kwa sketi, nikaufuta tena. Nikasikia sauti nyuma, ya ukali kabisa, lakini haikuwa ya Fundi.

"Geukeni!" Ilikuwa ya Utingo. "Nyie watu wa Makambako, geukeni! Na ninyi wa Njombe! Mnauchosha mpira kwa macho! Geukeni wote, mtazame kanisa lile pale!"

Sijui kwa nini walimtii. Labda kwa sababu hakuna aliyewahi kuamriwa jambo kama hilo. Uwanja mzima uligeuka, wanachuo, walimu, wauza viazi, refa, migongo mitupu. Mchaguzi peke yake alibaki ananitazama. "Mimi nimetumwa kutazama," alisema kama anaomba radhi. Mtu mmoja nilimmudu.

Nikarusha. Mpira ukadunda chini ya mlingoti.

"Moja," alisema Utingo kwa sauti, akitazama kanisa.

"Mbili," wakasema watu wachache naye.

Kufikia tano ulikuwa uwanja mzima. Mipira minane iliyobaki, chuma hakikulia hata mara moja.

Mchaguzi aliandika jina langu, akaniuliza na herufi zake. Nilipogeuka kumtafuta Fundi, alikuwa anakunja stuli.

Siku chache za mwanzo Utingo alisherehekea. Kombe la mwaka wa ukungu ni la Makambako, halali, kwa kinywa cha Fundi mwenyewe! Aliimba akishusha mbao. Kisha nikaona anafika kibarazani, anakaa, anatikisa mguu, anaondoka. Hapakuwa na la kusema. Mwenye Duka alipata utulivu aliouomba miaka yote na akaonekana mgonjwa. Alitoka kila saa kuangalia kama wameanza. Fundi alishona. Jaketi bado alilivaa, kwa sababu baridi haikujali, ila aliligeuza ndani nje, bitana juu, maandishi yakawa yanamtazama yeye mgongoni. Ukimsalimu alijibu vizuri. Ukimuuliza jambo alisema, "Nadhani."

Hilo neno lilinikera. Nilikuwa nimepata nafasi yangu kwa bei ya goli lake.

Nilifanya mtihani, nikafunga sanduku, na asubuhi ya safari nikapita kibarazani kuaga, basi likiwa linajaza abiria ng'ambo ya barabara. Walikuwepo wote watatu, kimya, kama watu wanaongoja zamu kwa daktari wa meno.

"Shikamoo Fundi. Nimekuja kuaga."

"Marahaba. Mungu akutangulie, binti. Nadhani utafika salama."

Nilitakiwa niondoke. Konda alikuwa anaita. Badala yake nikasikia sauti, na ilikuwa yangu.

"Fundi, ile fainali, ulikuwa umekaa wapi hasa?"

Akainua macho. "Chini ya mlingoti. Ndipo ninapokaa."

"Mpira wa mwisho uliporushwa, chuma kililia?"

Msharasi ukasimama kwenye ngozi. Alifumba macho kabisa. "Hakikulia," alisema.

"Ulidondokea wapi?"

"Hapa." Akaligusa goti lake la kulia. "Ulinidondokea hapa. Uliteleza ukaangukia mpira wa akiba."

Nikamgeukia Utingo. Uso ulikuwa unawaka, ila nilikuwa nimeshaanza. "Kaka Utingo, mabao yangu hapa kwenye ringi, miaka miwili, uliyahesabu umetazama wapi?"

"Ukutani," alisema, akianza kuona ninakompeleka.

"Na siku ya Mchaguzi?"

"Kanisani."

"Uliwahi kukosea hata moja?"

Utingo alimtazama Mwenye Duka, akamtazama Fundi, akanitazama mimi. "Bubu kasema," alinong'ona. Halafu akaruka juu. "Ngoja, ngoja! Hiyo ni ringi ya baiskeli! Huwezi kulinganisha! Na filimbi je? Labda filimbi ilitangulia!"

"Filimbi ilifuata," alisema Fundi.

"Una hakika gani?"

"Nilisikia."

"Ulisikia nini, na vile vitambaa ulivyojifunga masikioni!"

"Masikio yangu hayafungwagi siku ya fainali!"

Mwenye Duka alitoka na mita yake ya kupimia kitambaa mkononi. "Jamani, jamani, nina wateja," alisema, na hakuwa na mteja hata mmoja. Akavuta stuli.

Konda alikuwa ameshabeba sanduku langu. Nilivuka barabara mbio, nikapata kiti cha dirishani. Basi lilipogeuka kutoka stendi niliwaona mara ya mwisho. Utingo amesimama juu ya benchi, mikono hewani, anacheza mlinzi. Fundi alikuwa amevua jaketi katikati ya baridi ile, anahangaika na mkono mmoja uliokwama, analigeuza.